Wafalme Wadogo wa Majengo

Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya mzee Rahim, Majengo, mjini Moshi, kwa hiyo kila aliyeingia kwake nilimwona. Salvina aliingia mara ya kwanza Februari ya mwaka 1993, wiki tatu baada ya kumzika mumewe. Alikuwa amejitupia kitambaa cheusi begani na ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha ya marehemu, iliyokuzwa kutoka kwenye picha yake ya pasipoti. Mama mkwe wake, Bibi Veronika, alikuwa amemwagiza ikatiwe rangi, itundikwe sebuleni kule Uru, kijijini kwao juu mlimani.

Mzee Rahim alikuwa fundi wa kupaka picha rangi. Vijana wa leo hawaijui kazi hiyo. Zamani picha zote za Moshi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na aliyetaka ua la harusi lionekane jekundu, au mtoto wa komunio ya kwanza awe na mashavu yenye damu, alimpelekea Rahim. Yeye alikaa dirishani na pamba, njiti na rangi za mafuta, akapaka kidogo kidogo mpaka mtu akaonekana hai. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana. Kisha serikali ikaruhusu bidhaa ziingie, filamu za rangi zikajaa madukani, mjini ikaletwa mashine ya kusafisha picha kwa saa moja, na wateja wakapungua hadi wakabaki wafiwa tu. Wafiwa walikuja kwa sababu marehemu mara nyingi aliacha picha moja, na ya zamani.

Siku ile mzee aliiweka picha mezani, akachukua brashi, akairudisha. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliotangulia.

"Mama, nishikie hiki kioo cha kukuzia," alisema. "Hapo. Usikisogeze."

Salvina akashika. Alishika karibu saa nzima bila kubadilisha mkono, akimtazama mumewe akitiwa rangi ya midomo, kisha ya shati, kisha ya ngozi. Mzee alipomaliza hakumwangalia usoni. Aliangalia mikono yake.

"Mikono yako huwa imetulia hivi siku zote?"

"Sijui, mzee."

"Unafanya kazi gani?"

"Nalima. Na nafuma vitambaa, masista walinifundisha."

"Nilikuwa nampaka mumeo mbele yako. Mbona hukulia?"

Salvina alifikiri kidogo. "Sijalia bado."

"Njoo Jumatatu," mzee akasema. "Nina kazi inayotaka mtu wa namna hiyo."

Jumatatu alikuja. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini alikuja, akaniambia kwamba siku ile hakuwa na sababu ya kwenda wala ya kutokwenda, na njia ya kuja huku ilikuwa mteremko.

Mumewe, Valerian, alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Alichukua marobota Taveta, upande wa Kenya, akavuka nayo mpaka, akauza Himo. Siku nne za juma alilala Himo, tatu alilala Uru. Alianza kukonda mwaka 1991. Mdomo ukajaa vidonda, ngozi ikabadilika, na Salvina akamuuguza mpaka mwisho, akimgeuza kitandani na kumlisha mtori wa ndizi kwa kijiko. Kila mtu kijijini alijua ni ugonjwa gani. Hakuna aliyeutaja. Padre alisema msibani kwamba marehemu ameugua kwa muda mrefu, watu wakainamisha vichwa.

Katika kitongoji chao wanawake watatu walikuwa wamefiwa na waume kwa namna hiyo hiyo. Wawili walifuata ndani ya miaka miwili, wa tatu ndani ya mitatu. Salvina alijihesabu kuwa wa nne. Hakwenda kupima. Aliona hapana haja ya kulipa nauli ya kwenda kuambiwa jambo analolijua. Alijipa miaka mitatu, na akaanza kupanga mambo kama mtu anayehama nyumba.

Jambo la kwanza alilolipanga lilikuwa mtoto. Stella alikuwa na miaka minane, mtoto pekee. Mwezi wa tatu mwaka ule ule Salvina alimchukua, wakashuka hadi Himo kwa Dominika, dada yake, aliyekuwa ameolewa na mtu mwenye mashine ya kusaga. Dominika hakuwa na mtoto wa kike.

"Akae hapa, asome," Salvina alimwambia dada yake. Walikuwa wamesimama nyuma ya mashine, mbali na mtoto.

"Mpaka lini?"

"Asome tu."

"Salvina, nakuuliza mpaka lini."

"Akuzoee," Salvina akasema. "Nataka akuzoee mapema."

Dominika akaelewa. Alifunika mdomo kwa upande wa kanga na hakuuliza tena. Stella alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi na mto wake mapajani. Alimuuliza mama yake kama Jumamosi atakuja kumwona, na Salvina akasema atakuja. Hakwenda. Alikwenda baada ya wiki saba, na hakukaa sana. Alishaamua kwamba mtoto anapaswa kumzoea mwingine, na aliona kila atakapomkumbatia atakuwa anairudisha nyuma kazi hiyo.

Kazi aliyoitiwa na mzee Rahim ilikuwa hii. Mwaka mmoja kabla, mama mmoja Mholanzi alikuwa amekuja kupanda mlima, akapita Majengo kutafuta mtu wa kumshonea begi lililochanika. Nilimshonea mimi. Akiwa anasubiri, aliona kwenye ukuta wa mzee picha ya bibi harusi wa zamani, na alisogea akaangalia shela kwa muda mrefu. Alikuwa na duka kwao la nyumba za midoli. Siyo za watoto. Zilikuwa nyumba ndogo za kifahari, zenye ngazi, taa na vijiko vya fedha, na wanunuzi walikuwa watu wazima. Kuta za nyumba hizo zilihitaji picha, na picha zilizopendwa zaidi zilikuwa za wafalme na malkia, zilizonakiliwa kwa rangi za mafuta kutoka kwa mabingwa wa kale, kila moja isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Alirudi kwao, na baada ya miezi miwili akatuma furushi: kadi za picha kutoka makumbusho, brashi za nywele chache, na barua.

"Watu wazima wana nyumba za midoli?" Salvina aliuliza alipoelezwa.

"Wanazo," mzee alijibu. "Wametuandikia barua."

Salvina akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Mambo mengi yalikuwa sawa kwake siku hizo.

Mwezi wa kwanza hakugusa rangi ya mtu. Alipaka mayai. Mzee alimwekea yai jeupe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, akampa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, akamwambia alilete yai hilo kwenye karatasi. Dirisha lenyewe lilitazama kusini, mlima ukiwa mgongoni. Mzee alisema mwanga wa upande huo hautembei, isipokuwa karibu na Krismasi jua linapopita huko, ndipo hutundika shuka. Salvina alipaka yai asubuhi hadi mchana. Likatoka sahani. Akapaka tena, likatoka jiwe. Wiki ya tatu lilitoka yai, na mzee akasema, "Sasa lipake kwenye ukubwa wa harage."

Baada ya mayai zikaja shaba. Ng'ambo ya barabara alikuwapo Yunusu, fundi bati, aliyewakatia vipande vyembamba vya shaba nyekundu. Salvina alivisugua kwa msasa, kisha kwa kitunguu saumu kilichokatwa, maana rangi hukamata vizuri zaidi juu ya shaba iliyopakwa maji ya saumu. Mzee alilipata hilo kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza kilichokosa jalada. Kisha rangi nyeupe ya chini, siku nne za kukauka. Kisha miraba midogo ya penseli juu ya shaba, na miraba kama hiyo juu ya karatasi ya mafuta iliyowekwa juu ya kadi, ili kila kitu kipelekwe mraba kwa mraba bila kukisia.

"Usimsahihishe," mzee alimwambia tangu mwanzo. "Aliyechora huyu alikuwa na sababu ya kila kitu. Ukiona pua imepinda, ipinde. Kazi yako ni kujua alifikaje pale."

Picha ya kwanza aliyonakili ilikuwa ya malkia mwenye kola nyeupe iliyokunjwa kunjwa kama kabichi iliyopasuliwa. Alitumia wiki tano. Nilikuwa ndani nikichukua mkaa wa pasi yangu mzee alipoiangalia.

"Umempaka chokaa," mzee alisema.

"Si ni Mzungu?"

"Mzungu siyo mweupe. Lete chaki."

Aliweka kipande cha chaki kando ya uso wa malkia kwenye kadi. Uso ukaonekana kama uji wa mahindi ya njano uliotiwa tone la damu. Salvina aliinama akatazama kwa muda.

"Na hapa chini ya taya?"

"Hapo ni kijani."

"Kijani, usoni mwa mtu?"

"Kijani chini. Halafu unafunika na nyekundu nyembamba, ukiwa umetia mafuta mengi. Unaona kijani sasa? Huioni. Ukiiondoa ndipo utamwona amekufa."

Salvina akafuta uso wote kwa kitambaa chenye tapentaini, akaanza upya. Hakuudhika. Mzee aliniambia baadaye kwamba wanafunzi wawili waliomtangulia walikuwa vijana wenye vipaji, na wote waliondoka walipofutiwa kazi ya wiki tano. Huyu alifuta mwenyewe, akauliza kama mafuta ya kitani yametosha.

Alikuja siku nne kila juma. Alifunga brashi, akapunguza nywele za brashi hadi zikabaki tatu nne, akajifunza kushusha pumzi kabla ya mguso na kukaa bila kuvuta nyingine mpaka mguso uishe. Jicho la mfalme lilikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi. Ndani ya punje hiyo mlipaswa kuwa na kope, mboni, kivuli cha kope juu ya mboni, na nukta moja nyeupe ya mwisho. Nukta hiyo mzee hakumruhusu aiweke kwa miezi kumi na minne. Aliiweka yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwingine.

Mama Mholanzi aliipokea picha ya kwanza ya Salvina mwaka 1995. Mzee alisisitiza kwamba nyuma ya kila shaba iandikwe neno "nakala", na mwaka, na Moshi, mtu asije akadanganywa. Salvina akaandika. Jina lake hakuliandika, na hakuna aliyemwambia aliandike.

Miaka mitatu aliyojipa ikaisha. Aliendelea kuamka. Asubuhi, kabla ya kushuka, aliangalia ulimi wake kwenye kioo. Msimu wa kahawa alipopeleka magunia kwenye chama cha msingi cha ushirika alipanda kwenye mzani wa kahawa, karani akamsomea kilo hamsini na sita, mwaka uliofuata hamsini na nane. Alisikia namba hizo kama mtu anayesomewa tangazo la kijiji kingine. Bei ya kahawa ilishuka, majirani wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na majani ya ng'ombe. Bibi Veronika akakataa ya kwao kuguswa, na Salvina hakubishana naye.

Siku moja alipanda na picha moja Uru ili imalizie kukauka mbali na vumbi la mjini. Bibi Veronika akaiona dirishani.

"Huyu ni mangi wa wapi?" aliuliza. Kwetu mangi ndiye alikuwa mtawala, na bibi alizaliwa wakati wamangi bado wapo.

"Wa Ulaya, mama. Wa zamani sana."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Haikuandikwa."

"Na hii ngozi aliyovaa begani ni ya pimbi?"

"Ya mnyama wa kwao."

"Amenenepa," bibi alisema kwa heshima. "Watu wake bado wanamkumbuka?"

"Kuna watu wanamtundika kwenye nyumba za midoli."

Bibi Veronika akacheka mpaka akashika ukuta. Salvina alimtazama akicheka. Aliniambia kwamba alijua ni jambo la kuchekesha, alilijua kabisa, lakini kicheko chenyewe hakikupanda.

Picha iliyoagizwa zaidi ilikuwa ya binti mfalme mmoja wa Hispania, mtoto mwenye gauni la fedha pana kuliko mlango. Nyuma ya kadi iliandikwa kwamba alipochorwa alikuwa na miaka minane. Salvina alimchora mara arobaini na moja. Nilipokwisha kujua habari za Stella nilimuuliza kama alikuwa akimfikiria mwanawe alipokuwa anamchora mtoto yule. Akasema hapana, alikuwa anafikiria kitambaa cha mkononi, maana kilikuwa na matundu, na tundu lisipopakwa kwa rangi ya kilicho nyuma yake linakuwa doa. Namwamini. Himo alikwenda mara mbili au tatu kwa mwaka, akipeleka sare na daftari. Mtoto aliingia darasa la nne, la tano, la saba. Mzee Rahim, asiyejua lolote, aliendelea kumwita mama Stella kila asubuhi, naye akaitika.

Mwaka 2001 macho ya mzee yakaingia ukungu. Alijua ni mtoto wa jicho, na alijua hatapasuliwa kwa sababu ya sukari yake. Siku moja ya mwezi wa Mei mvua ilinyesha nikaingiza cherehani ndani, nikawasikia.

"Mama Stella, kadi sizioni tena," alisema. "Rukaiya hataki chumba hiki." Rukaiya ni binti yake, ameolewa Tanga. "Nimemwandikia kwamba kibaki kwako. Meza, dirisha, na yule mama wa Uholanzi. Utakaa?"

Salvina alikuwa anaosha brashi. "Siwezi kukuahidi, mzee."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mtu wa kufa."

"Sote."

"Siyo hivyo. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa siku hizi. Nami nasubiri."

"Unasubiri tangu lini?"

"Tangu tisini na tatu."

"Ni miaka minane, mama Stella."

"Ndiyo."

"Umepima?"

"Hapana."

Mvua ilipiga bati. Mzee akapapasa meza mpaka akakipata kitambaa chake, akafuta macho ambayo hayakuwa na machozi, ni ukungu tu.

"Basi nenda kapime," alisema. "Nijue kama nitafute mtu mwingine."

Alikwenda. Naamini kama angeambiwa kwa huruma asingekwenda. Alikwenda kwa sababu mzee alihitaji jibu la chumba. Kulikuwa na kituo cha ushauri nasaha mjini, akapewa namba, akatolewa damu, akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi alikaa mbele ya dada mmoja kijana aliyevaa koti jeupe, aliyemwuliza kwanza amejiandaaje.

"Nimejiandaa," Salvina alisema. "Niambie tu."

"Huna virusi, mama."

Salvina alimtazama. "Mmechanganya karatasi."

"Hapana. Ni namba yako hii."

"Mume wangu alikufa navyo. Nilikuwa nalala naye mpaka alipoanguka."

"Inatokea, mama. Siyo kila anayeishi na mwenye virusi anaambukizwa. Ukitaka tunapima tena sasa hivi."

Wakapima tena. Akasubiri kwenye benchi kati ya watu ambao nao hawakuangaliana. Jibu likawa lile lile. Dada yule alitabasamu, akangoja kitu, labda vigelegele, labda kilio. Salvina alimshukuru, akauliza kama anaweza kwenda.

Saa nane mchana alikuwa mezani. Alikuwa na mfalme aliyebakiza kola yake ya nyuzi za lesi, kazi ya kukata pumzi, na aliimaliza alasiri ile bila kukosea uzi. Nilimwona kutoka mlangoni kwa sababu nilikuwa natazama. Mkono haukutikisika. Saa kumi aliosha brashi kwa sabuni, akazilaza.

"Mzee, nitakaa," alisema.

Mzee Rahim aligeuza uso upande wa sauti. "Utakaa?"

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi," mzee akasema polepole, na hakumuuliza zaidi.

Jumapili iliyofuata Salvina alikwenda Himo. Dominika alikuwa anachambua mchele wa Mabogini kwenye ungo. Salvina alimweleza akiwa amesimama. Dominika aliweka ungo chini, mchele ukamwagika kidogo pembeni.

"Hukuwa mgonjwa," alisema.

"Hapana."

"Miaka yote hii?"

"Sikuwa mgonjwa hata siku moja."

Dominika alianza kuukusanya mchele uliomwagika. Alikuwa amemlea Stella kwa miaka minane kama mtoto wa mtu anayekufa, na alimpenda namna hiyo, kwa bidii na kwa haraka. "Unakuja kumchukua?" aliuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya woga.

"Anachukulika?"

"Sijui, mdogo wangu."

Stella alitoka ndani. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu kuliko wote wawili. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mama wa Uru," alisema. Ndivyo alivyomwita. Dominika ndiye aliyemwita mama. Akamkaribisha kiti, akafuta meza, akaleta soda kwenye sinia pamoja na kitambaa kilichokunjwa, akaifungua mbele ya mgeni kama inavyotakiwa, akauliza habari za nyumbani, za bibi, za mifugo. Alimhudumia vizuri. Hakukosea kitu. Salvina aliniambia kwamba pale ndipo, mara ya kwanza tangu Valerian aanze kukonda, alisikia kitu mwilini. Soda haikupita. Aliishika chupa mpaka ikapata joto, akaiacha, akaaga.

Desemba Stella akaja Majengo peke yake. Nadhani Dominika alikuwa amemwambia. Alimwamkia mzee Rahim, aliyekuwa haoni tena, kisha akasimama nyuma ya mama yake. Shuka lilikuwa limetundikwa dirishani kwa ajili ya jua la msimu ule. Salvina alimsogezea kioo cha kukuzia.

"Huyu ni nani?" Stella aliuliza.

"Mtoto wa mfalme."

"Mbona amenuna?"

"Alisimamishwa muda mrefu."

Stella aliangalia. Alikuwa bado ameinama kwenye kioo aliposema, "Kwa nini ulinipeleka kwa mama?"

Salvina aliweka brashi chini. "Nilijua nakufa. Nilitaka uzoee kabla."

"Nilizoea," Stella alisema. "Nilizoea vizuri."

"Naona."

"Ulisema utakuja Jumamosi."

"Nilisema."

"Na ulipoona hufi?"

"Sikuona."

"Miaka minane hukuona?"

"Sikuwa naangalia, mwanangu."

Nje Yunusu alikuwa anagonga bati. Mzee Rahim, kwenye kona yake, aliinua tasbihi akaishusha bila kuihesabu. Stella akarudisha kioo mahali pake, taratibu, kama kitu cha watu. Akasema gari za Himo zinajaa saa kumi na moja. Salvina akamsindikiza mpaka kituoni, na sijui njiani walisema nini. Aliporudi aliendelea na kazi.

Mzee Rahim alifariki mwaka 2003, mwezi wa Ramadhani. Rukaiya alikuja kutoka Tanga, akazika, akamkabidhi Salvina ufunguo mbele yetu. Maagizo kutoka Uholanzi yalipungua pole pole, maana zilikuwa zimeingia mashine zinazochapa picha ndogo juu ya kitambaa na mtu asiyejua haoni tofauti. Wateja waliobaki ni wale wanaojua. Ilitosha kumpa kazi siku tatu za juma. Siku nyingine alikaa Uru na Bibi Veronika, aliyekuwa mzee sana sasa, na aliyeamka kila siku akiuliza kama mibuni ipo.

Stella alimaliza kidato cha nne, akapata nafasi ya kusomea uuguzi hapa hapa Moshi. Likizo alikwenda Himo. Uru alikuja Pasaka, akiwa na zawadi, kama anavyokuja ndugu wa mbali. Salvina hakumwomba zaidi ya hapo. Nilimwambia aombe, akasema hajui angeanzia wapi.

Kisha Jumamosi moja ya mwaka 2006 maji yalikatika chuoni kwao. Stella alipanda Uru bila kuaga mtu, na mfuko wa nguo chafu. Sare, mashuka, soksi, vyote. Aliubwaga karibu na mfereji, akauliza sabuni iko wapi, akavua viatu. Salvina akaleta beseni. Mmoja akafua, mwingine akasuuza, wakagombana kidogo kuhusu shati ambalo Stella alisema halijatakata na Salvina alisema limetakata. Wakaanika kwenye kamba mpaka kamba ikajaa, zilizobaki wakazitandaza juu ya mibuni. Bibi Veronika alifoka kutoka mlangoni kwamba wanavunja matawi.

Aliponisimulia habari hiyo Jumatatu, nilimuuliza alijisikiaje. Alifikiri, kama alivyofikiri siku zote ukimuuliza jambo la namna hiyo.

"Maji yalikuwa baridi," alisema. "Mpaka sasa vidole vinauma."

Akaingia ndani kukausha brashi.